Nilivyokwenda Kumtafutia Idrisa Ruhusa ya Kazi

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza jambo lilelile, kisimani, kwenye vichanja vya uduvi, hata msibani: ilikuwaje huko, na mbona Idrisa haji? Kila mmoja wenu nimempa kipande. Nimechoka kutoa vipande. Zuhura amenipa daftari lake la zamani la shule, lina kurasa zilizobaki nyeupe, nami naandika yote mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe. Mwandiko mtanisamehe, ni wa darasa la nne na haukupata nafasi ya kukua.

Kwa ambao hamkuwapo, mwanzo wake ni huu. Baba na mama walifariki mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Idrisa ana saba, na Zuhura bado ananyonya. Niliacha shule nikashika vichanja vya mama, nikaanika uduvi na samaki wa ng'onda, na wadogo zangu wakakua. Idrisa akasoma mpaka serikali ikampeleka Norwei kujifunza mitambo ya barafu, ile inayohifadhi samaki wasiharibike. Miaka minne. Akafaulu.

Kumbe kufaulu kwenyewe ndiko kulikoleta shida. Kule mgeni anaruhusiwa kukaa kwa sababu ni mwanafunzi. Siku anapopewa cheti si mwanafunzi tena, na ruhusa ya kukaa inakwisha. Akitaka kufanya kazi lazima apate kibali kingine, na hicho hawampi mpaka serikali ya kwao iandike kwamba haina kipingamizi. Kiwanda kimoja cha barafu kilikuwa tayari kumchukua kwa miaka miwili. Aliniandikia hivi: "Dada, cheti ninacho, lakini sijaufungua mtambo hata mmoja kwa mikono yangu na kuufunga tena ukafanya kazi. Nikirudi sasa nitakuwa mtu wa kueleza tu." Wizara huko Dar es Salaam nayo ilitaka kwanza neno la nyumbani, lenye saini ya balozi wa nyumba kumi. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Neno lisipofika, Jumamosi yake anapandishwa ndege. Barua ilinifikia Ijumaa iliyotangulia, imelowa, maana mvua ilikuwa imeifunga njia.

Saadani hadi Mkange

Balozi wetu, Mzee Shomari, nilimkuta anashona wavu barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi hii?"

Nikamweleza. Nikasema kinachotakiwa ni kidogo tu, aandike kwamba sisi nyumbani tumekubali Idrisa abaki kule miaka miwili afanye kazi. Akatikisa kichwa, nimeelewa, mwanangu, nimeelewa. Akaingia ndani na kukaa humo kwa muda wa kupika wali na mchuzi wake. Alipotoka alikuwa na bahasha aliyoibandika kwa uji wa muhogo.

"Nimeandika kwa wino, siyo kwa kalamu ya risasi," akasema. "Na nimeandika vizuri. Usiifungue."

Nani kati yenu angeifungua? Barua ya mtu mzima uliyokabidhiwa huifungui, na hata kuipeleka kwenye mwanga wa jua ili uone kilichomo ni aibu. Nikaizungushia kitambaa, nikaitia kifuani chini ya baibui, na humo ikakaa siku sita ikinikwaruza.

Njia yetu ya siku zote ni kuvuka Wami huku chini na kwenda moja kwa moja Bagamoyo. Mwaka huu mto ulikuwa umefura, wenye mitumbwi wakakataa kuvusha hata mbuzi. Ikabidi nizunguke bara: Mkange, kisha Chalinze, kisha Dar es Salaam. Ni kama mtu anayetaka kuingia chumbani kwake kwa kuzunguka mji mzima.

Niliondoka Jumamosi alfajiri na wanaume wawili waliokuwa wakipeleka chumvi Mkange kwa baiskeli. Nasema kwa baiskeli, lakini baiskeli ndizo zilizobebwa. Udongo ule mweusi ulijaza magurudumu mpaka hayazunguki, wakawa wanasimama kila hatua hamsini kuukwangua kwa vijiti. Mmoja wao alikuwa mcheshi. Kila tulipokwama alisema, "Dada, huko kwa mdogo wako kuna matope?" Nikimjibu kuna theluji, anauliza, "Hiyo nayo inakwanguliwa?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya sita sikumjibu. Tulikula ugali baridi kwa ng'onda tukiwa tumesimama, maana hapakuwa na pakavu pa kukaa. Tulifika Mkange magharibi, na miguu yangu ilikuwa imevimba kiasi cha viatu kugoma kutoka.

Mkange

Lori la mahindi lililotarajiwa kwenda Chalinze halikuwapo. Lilikuwa linakuja. Jumapili lilikuwa linakuja, na Jumatatu lilikuwa linakuja.

Nilipokelewa na mama mmoja wa Kizigua, Mama Hadija, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinipa kitanda chake, akalala mkekani na wajukuu. Nikamweleza kwa ufupi kilichonitoa kwetu: ndugu yangu yuko nchi ya mbali, muda wake umekwisha, serikali inataka barua ya balozi ndipo apewe ruhusa.

Asubuhi yake wanawake walianza kuingia mmoja mmoja. Wanakaa, wananishika mkono, wananyamaza. Mmoja akaniletea mayai. Mzee mmoja akasimama mlangoni akaniambia, "Mungu ni mkubwa. Hata wa kwetu alitoka."

"Alitoka wapi, mzee?"

"Si huko huko."

Nikamgeukia Mama Hadija. Naye bila wasiwasi akaniuliza, "Kwani wako amefungwa kwa kosa gani? Mimi sikutaka kukuuliza mbele ya watu."

Hapo nikaelewa. Kwao, mtu aliye mbali, muda wake umekwisha, anaombewa barua ya balozi ili serikali imruhusu, ni mfungwa, hakuna mwingine. Nikaeleza upya: hajafungwa, amesoma, amefaulu.

"Amefaulu?" akauliza. "Na bado anaombewa ruhusa ya kufanya kazi?"

"Ndiyo."

"Kazi ya kulipwa au ya bure?"

"Ya kulipwa."

Akafikiri, huku anachambua kisamvu. "Afadhali angefungwa," akasema. "Mfungwa kazi anapewa bila kuomba."

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka, nami nilikuwa sijacheka hivyo tangu barua ifike. Lakini mayai hakuyarudisha. Tuliyakaanga. Alisema yamekwishatolewa kwa nia njema, na kumwambia aliyeyaleta kwamba alikosea itakuwa kumwaibisha. Niliona ni sawa. Nilikuwa sijajua adabu ya namna hiyo itanigharimu nini.

Lori lilikuja Jumanne saa tatu asubuhi.

Chalinze

Nilikaa juu ya magunia, chini ya turubai, na wanawake watatu na mbuzi. Tulikwama mara mbili kabla ya Miono na mara moja baada yake. Kila mara tulishuka, wanaume wakasukuma, sisi tukakata matawi ya kutandika chini ya matairi. Kufika barabara kuu nilikuwa sina kilichobaki kikavu isipokuwa ile bahasha.

Chalinze mnapajua kwa kusikia: malori yamejipanga pande zote mbili, harufu ya dizeli na nyama, kila mtu anamwita mwenzake kwa kupiga mluzi. Tulifika jioni, mabasi ya Dar yamekwisha kupita. Nililala kwenye banda la mama muuza chai, pamoja na abiria wengine. Asubuhi Jumatano nikatafuta basi, na kikapu changu kilikuwa kizito, nimewabebea uduvi wenyeji wangu wa huko niendako. Pembeni ya barabara palikuwa na kijana amekaa juu ya gunia la korosho, shati limejaa vumbi, na mizani kubwa ya kupimia iko miguuni pake.

"Wewe mchukuzi," nikamwambia, "nishikie kikapu hiki mpaka pale kwenye basi."

Akanitazama, akainuka, akakibeba. Alikiweka vizuri juu ya basi, akakifunga kwa kamba. Nilipompa hela akakataa. Kisha naye akapanda, akakaa kiti cha pembeni yangu.

"Kumbe na wewe unakwenda Dar?" nikauliza.

"Nakwenda kutengeneza mizani. Mimi ni mtunza ghala la korosho, hapa bara kidogo."

"Oh, samahani, kaka. Nilidhani mchukuzi."

"Usijali. Mama yangu naye hajui mimi ni nani siku hizi." Kisha akasema, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake, kwamba alisoma Hungaria miaka sita. Uhandisi wa mabwawa. Kuzuia mito, kufua umeme.

Niliona haya, nikajifunika uso kwa ncha ya baibui. Yeye akacheka. Basi liliharibika muda mfupi baadaye, mpira wa maji ya injini ulipasuka, na tulikaa njiani kwa muda wa saa nne, kwa hiyo nilipata habari zake zote. Alimaliza, akaambiwa kule kwamba mgeni akimaliza arudi kwao, hakuna kibali cha kazi, awe hodari asiwe hodari. Akarudi siku ya tatu baada ya sherehe. Hapa alipokewa vizuri sana, akaambiwa bwawa litakalojengwa ni lake. Bwawa bado linazungumzwa. Wakati linazungumzwa, palitokea nafasi ya ghala.

"Kazi yenyewe siichukii," akasema. "Watu wanahitaji ghala. Lakini nimeanza kusahau. Jana nilitaka kukumbuka hesabu moja ya mkondo wa maji, ikaja nusu, nusu nyingine ikakataa."

Nikamweleza habari za Idrisa. Nikamuuliza, lau ungekuwa wewe?

Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi tunakula mahindi ya kuchemsha, tumenunua kwa mtu aliyetokea porini mara tu basi liliposimama, kana kwamba alijua.

"Miaka miwili ningeitaka," akasema. "Lakini sikuwa na dada wa kutembea na kapu la uduvi kuniombea. Mwambie akikaa, akae kwenye mtambo. Asikae kwenye hoteli za watu kuosha sahani. Nimewaona."

Tuliingia Dar saa kumi jioni. Ofisi zilikuwa zimefungwa.

Dar es Salaam, ghorofa ya tatu

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa mlangoni, nikaitwa saa nne. Mwenye mafaili ya wanafunzi wa nje alikuwa Bwana Mapunda, mtu wa makamo, mwembamba, macho mekundu kama asiyelala. Hakuwa mkali. Ningefurahi angekuwa mkali, ningepata wa kumkasirikia.

Nikamkabidhi bahasha. Akaifungua kwa kisu kidogo, akasoma kimya, akainua nyusi, akasoma tena.

"Bibi," akasema, "umekuja kuomba abaki au kuomba arudi?"

"Abaki. Miaka miwili."

"Sikiliza basi." Akaanza kusoma kwa sauti. Nayakumbuka maneno yote. "Kijana huyu ana tabia njema, ni mtiifu, naye ndiye tegemeo la dada zake na la kijiji kizima. Sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tunamsubiri kwa hamu kubwa arudi atuletee barafu. Pamoja na hayo, hatuna kinyongo na lolote serikali itakaloamua."

Nilisikia kama nimemwagiwa maji. Lakini nikamwelewa Mzee Shomari, neno kwa neno. Kwetu mtu aliye safarini anasemwa hivyo. Huwezi kuwaandikia wageni kwamba mtoto wako akikaa asikae ni sawa tu. Ungeonekana umemtupa.

"Hiyo ni adabu tu, bwana," nikasema. "Ndani yake tumekubali."

"Naijua. Hata kwetu Songea tunaandika hivyo. Lakini kamati inayoamua haisomi adabu, inasoma maandishi. Wakiona tegemeo, wakiona tunamsubiri, watasema arudi, tena kesho." Akavua miwani. "Na sitakuficha. Mimi mwenyewe ningependa arudi. Nchi imemsomesha."

"Akirudi mtampa mtambo gani?"

Alitazama dirishani, nje palikuwa na winchi ikiinua matofali.

"Mtambo umeagizwa," akasema.

"Utafika lini?"

"Umeagizwa, bibi."

Baada ya hapo alizungumza kwa sauti ya chini. Kurudi Saadani kwa barua nyingine hakuwezekani, hilo alilijua. Lakini ndugu mkubwa anaweza kuandika mwenyewe mbele ya ofisi ya wilaya, wakagonga muhuri, ikatosha. Wilaya yetu ni Bagamoyo. Niende, nirudi kesho kabla ya saa nane na nusu.

"Niandike nini?"

"Kwamba hammtegemei na hammhitaji kwa miaka hiyo miwili. Maneno hayohayo. Usiweke hamu, usiweke tegemeo, usiweke Mungu akipenda."

Bagamoyo

Basi la Bagamoyo liliondoka saa saba likajaa maji mpaka hatua ya kwanza ya mlango tulipopita mabonde ya Bunju. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mama mmoja aliyekaa na sinia la vitumbua mapajani alikuwa akiwapelekea watu wa arusi, na kila basi liliporuka kitumbua kimoja kilianguka. Vilivyoanguka alinipa. "Hivi haviwezi tena kwenda arusini," akasema. Nilikula vinne, na nilikuwa naombea mashimo.

Nililala kwa Bi Salma, anayenunua uduvi wangu sokoni, nikamwachia kikapu chote. Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisi ya wilaya kabla ya kufunguliwa. Anayepiga chapa pale ni Bi Rukia, mama wa mji mkongwe, mtu wa kanga safi na maneno yaliyopangwa. Alinikaribisha, akaniuliza hali, akaniuliza za watu wa Saadani nyumba kwa nyumba, kisha akaweka karatasi kwenye mashine.

"Haya, mwanangu, sema."

"Andika: Mimi Mwanahawa binti Selemani, dada mkubwa wa Idrisa bin Selemani, nasema kwamba hatumtegemei na hatumhitaji."

Vidole vilifika kwenye jina la Idrisa vikasimama.

"Hammhitaji nani?"

"Mdogo wangu."

"Wa mama mmoja?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni ruhusa ya kazi."

Nikaeleza tena, kwa mara ya ngapi sijui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitoa karatasi ile kwenye mashine akaikunja.

"Neno hilo silipigi chapa mimi," akasema. "Nimewapigia watu talaka humu ndani, nimewapigia kesi za mashamba. Lakini kumwandikia mtoto yatima kwamba ndugu zake hawamhitaji, hapana. Tuseme hivi: tumeridhia, tunamtakia kheri na tunamngoja salama."

"Hiyo ndiyo iliyokataliwa jana, mama."

"Basi tuseme tumeridhia japo kwa uchungu."

"Uchungu nao hautakiwi."

"Serikali gani hii inayokataa uchungu?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tatu, na basi la kurudi linaondoka saa nne. Bi Rukia alifungua mtoto wa meza, akanipa fomu ya ofisi yenye mistari mitatu, na kalamu.

"Kama ni lazima, andika mwenyewe. Mkono wako, siyo wangu."

Nikakaa. Tangu niache shule sijaandika chochote kilichosomwa na mkubwa. Mama, kabla hajafa, aliniachia maneno mawili tu: uduvi usilowe, na watoto wasitawanyike. Uduvi umewahi kulowa mara nyingi, Mungu ananijua. Watoto nilikuwa sijawahi kuwatawanya. Nilikaa na ile kalamu mpaka Bi Rukia akajifanya anatafuta kitu kabatini ili asinitazame.

Akilini nilimwona yule kijana wa korosho, nusu ya hesabu imemjia na nusu imemkataa. Nikaandika.

Mwandiko wangu ni mkubwa. Jina langu na la baba lilimaliza mstari wa kwanza. Jina la Idrisa na "dada yake mkubwa" likamaliza wa pili. Wa tatu ukatosha maneno machache tu: nasema hatumtegemei na hatumhitaji. Hapo karatasi ikaisha. Katibu wa wilaya akatoka chumbani kwake, akasoma, akanitazama usoni, akagonga muhuri bila kuniuliza.

Bi Rukia alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunilaumu. Alinipa maandazi mawili kwenye kipande cha gazeti, akaniambia, "Ukimwandikia, mwambie hiki si kilichokuwa moyoni."

"Nitamwandikia, mama."

Kurudi Dar, na kurudi nyumbani

Basi lilisimama njiani kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Wanaume waliteremka, sisi tukabaki tunatazama jua. Sikumlaumu dereva, lakini muda wa sala ile niliumaliza kwa kuhesabu dakika, na Mungu anisamehe. Nilipanda ngazi za ghorofa ya tatu saa nane na dakika kumi, nimeshika viatu mkononi.

Bwana Mapunda alisoma.

"Hukuandika miaka miwili," akasema.

"Mistari iliisha."

Akaitazama tena. "Imetosha. Imezidi hata kutosha." Akagonga, akaandika, akamwita karani apeleke simu ya maandishi Norwei saa ileile. Akaniambia nimefanya kazi ya watu watatu. Nikamshukuru. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke alipomwambia karani, "Na hii iende kwake kwa posta ya ndege, akawaonyeshe kule."

"Hii ipi?" nikauliza.

"Hii karatasi yako."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Sisi tunabaki na nakala. Kule hawapokei nakala."

Nilikuwa sijawaza hilo hata mara moja. Nilidhani naiandikia kamati. Nikamwomba anipe kalamu niongeze neno moja chini, moja tu.

"Ina muhuri, bibi. Ukiongeza neno haitakuwa karatasi tena."

"Basi nyuma yake."

"Wala nyuma."

Nilikwenda posta, nikakuta madirisha yanafungwa. Nikasema nitaandika nikifika nyumbani. Nilichukua siku sita kufika. Njia ilikuwa ileile, matope yaleyale, sina la kuwaeleza zaidi, isipokuwa Mama Hadija alipiga vigelegele na Mkange nzima ikajua mfungwa wangu ametoka. Barua niliandika usiku wa kwanza nilipofika, kurasa nne, lakini mvua ilirudi na hapakuwa na wa kuipeleka. Ilikaa imechomekwa chini ya paa wiki tatu, ndipo ikaondoka.

Mzee Shomari, najua na wewe utasomewa haya. Umekuwa ukiwaambia watu barazani kwamba barua yako ndiyo iliyofungua mlango, nami nimekuacha, maana uliandika kama mzazi anavyopaswa kuandika. Lakini haikutumika. Yaliyotumika ni maneno ya mkono wangu, na mnaposema nimemuuza mdogo wangu kwa wazungu, au mnaposema nimempigania, semeni mkijua nilichoandika. Unisamehe, mzee wangu.

Majuzi barua ya Idrisa imefika. Imetoka kule kabla yangu haijafika, nimezitazama tarehe. Zuhura alinisomea, maana macho yangu jioni hayanisaidii. Kibali amekipata. Kazi ameanza. Mtambo wa kwanza ameufungua na kuufunga, ukavuja, akaufungua tena, haukuvuja. Barafu inatoka vipande virefu kama mlango. Msimamizi wake ni mzee asiyesema, lakini siku ile alimpa kahawa. Anatusalimu mimi, Zuhura, Mzee Shomari, na majirani wote kwa majina, hakumsahau mtu. Kuhusu karatasi hakuandika lolote.

Kisha Zuhura akafika chini kabisa, pale ambapo siku zote huandika "ndugu yenu mpenzi". Akasoma, akasita.

"Dada, hapa ameandika: Ni mimi Idrisa, nitakuja siku mtakaponihitaji." Akaniinulia uso. "Ana maana gani?"

Nikamwambia arudi juu, anisomee tena pale pa barafu.